Jua ni Bure

Mimi ni msusi, na kazi ya msusi ni mikono na mdomo kwa pamoja. Ukinipa kichwa chako asubuhi, kufikia mchana nitakuwa nimekimaliza na habari za mtaa mzima utakuwa nazo. Kwa hiyo nikianza habari za mjomba wangu, msinikatize. Nimezieleza mara nyingi juu ya vichwa vya watu waliokuwepo siku ile, na kila mmoja hunijibu hivyo hivyo: "Lakini si alisema mwenyewe?" Ndiyo, alisema mwenyewe. Hapo ndipo panaponichoma.

Mjomba ni fundi wa sola. Alianza kazi hiyo enzi ambazo watu walikuwa wakija kuishika paneli kwa kidole kimoja, kama wanajaribu pasi. Wakampa jina la Fundi Volti naye akalipenda. Karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba: meza yenye madoa ya asidi, rafu za betri, waya zimening'inizwa misumarini, nyekundu kwake na nyeusi kwake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alipanda paani na kitambaa kibichi kuzipangusa paneli zake vumbi. Mkazamjomba, yaani mkewe, alikuwa akisema tangu aolewe hajawahi kuoshwa uso namna ile.

Mlangoni pa karakana mjomba alikuwa amepaka kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zilizolala upande: JUA NI BURE. Ndilo lilikuwa tangazo lake, na kwa muda mrefu lilimletea wateja.

Sasa, neno bure lina makali pande mbili, na hakuna kati yetu asiyelijua. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Lakini mtu bure ni mtu asiyefaa kitu, na kazi bure ni jasho lililopotea. Mkazamjomba alimwonya rangi ikiwa bado mbichi.

"Mzee, ongeza neno hapo. Mwenye nia mbaya atasoma vingine."

Mjomba akacheka. "Atasoma vingine vipi? Jua limewahi kumpelekea nani bili?"

Sitampamba kwa sababu ni mjomba wangu. Sola yake ilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe niliijua kuliko wengi. Nilipomwomba aniunganishie mashine ya kukaushia nywele, alinitazama kama nimemwomba abebe nyumba. "Mpwa wangu, hiyo mashine inakula umeme wa nyumba nne. Wakaushe juani, jua ni bure." Nikamwambia aje yeye awaambie wateja wangu wakae nje na nywele mbichi. Zaidi ya hapo kulikuwa na betri. Betri nzuri ni ghali, watu wakanunua zile za bei ya chini, na hazikudumu, wakaanza kumpigia simu: fundi, taa imefifia; fundi, televisheni imezima katikati ya mpira. Rahisi ghali, alikuwa akiwaambia, lakini nani husikia hilo akiwa dukani?

Huko ndiko lilikotoka wazo lake, na wazo hilo ndilo habari yenyewe. Kila nyumba ilikuwa na kabetri kake kabovu. Kwa nini mtaa mzima usiwe na chumba kimoja cha betri nzuri, na waya ziende nyumba hadi nyumba? Kila mtu aongeze paneli kwa kadiri ya uwezo wake. Aliliita betri ya mtaa. Alizunguka mlango kwa mlango akiwaeleza watu, na mithali yake ilikuwa moja tu, haba na haba hujaza kibaba, mpaka watoto wakamwita kwa hiyo. Nyumba karibu zote za mtaa wetu zikakubali. Yeye akatangulia, akanunua betri za kwanza kwa akiba yake, akazipanga karakanani kwenye rafu mpya aliyoichomea mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama vyuma kwa mapenzi namna ile.

"Nikifa," aliniambia, "msinisifu. Washeni taa tu."

Ndipo zikaja habari za nyuklia. Kituo kikubwa kingejengwa kwenye uwanda ulioanzia pale mtaa wetu unapoishia, na serikali ikaitisha mkutano katika ukumbi wa shule ili wananchi waelezwe na watoe maoni. Aliyetoa maelezo alikuwa mhandisi, mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vya kazi na nywele kazifunga ovyo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Hakunipa nafasi, maana alisema vizuri, na alisema kweli.

Kituo cha nyuklia ni ghali kukijenga, alisema, hilo hatuwafichi. Lakini kikishasimama kinatoa umeme mchana na usiku, mvua na kiangazi, karibu umri mzima wa mtu, na fueli yake ni kidogo na haina gharama kubwa. Sola ni rahisi kuanza nayo. Lakini paneli huzeeka, betri hufa, na jua huzama kila siku bila kumwomba mtu ruhusa. Hesabu ya haki, alisema, haiangalii bei ya paneli tu. Inajumlisha na betri za kuvukia usiku. Ukizijumlisha, njia hizi mbili zinakaribiana sana, na nyuklia inatangulia kidogo. Bibi mmoja akauliza kuhusu mabaki yenye sumu, nani atalipia kuyatunza. Mhandisi akajibu kwamba gharama hiyo imo ndani ya hesabu. Mwingine akauliza umeme utawaka lini. Akautaja mwaka, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya harusi yake.

Mjomba hakuudhika hata kidogo. Alikuwa na jibu lake, na jibu hilo alikuwa amelifanyia mazoezi saluni kwangu, amesimama mbele ya kioo huku nikisuka, wateja wakimpigia makofi. Lilikuwa fupi. "Jua ni bure." Hapo anatua. "Kinacholipiwa ni usiku. Basi usiku huo tuulipie pamoja, tuanze sasa, tusiungoje."

"Mjomba," nilimwambia, "hapo kwenye bure unatua mno. Mtu anaweza kwenda sokoni akarudi."

"Mpwa, neno zuri liache likae chini kwanza."

Basi mtangazaji wa redio, kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akamfuata na maikrofoni. Akamuuliza: "Fundi Volti, wewe umekula na kulala na sola. Ukililinganisha jua na nyuklia, unasemaje?"

Mjomba akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Jua ni bure," akasema. Akatua.

Umeme ukakatika.

Feni zikaanza kupunguza mwendo, spika zikakohoa na kufa, na ukumbi mzima ukacheka, maana umeme wetu ulikuwa na tabia hiyo na siku hiyo ulikuwa umechagua wakati. Mjomba aliendelea kusema. Niliuona mdomo wake ukienda, mkono wake ukipanda na kushuka pale pale alipokuwa akiupandisha mbele ya kioo changu. Lakini viti vilikuwa vinasukumwa, watu wanaitana, na kinasa sauti cha redio kilikuwa kimechomekwa ukutani. Waliosikia maneno yaliyobaki ni safu ya mbele, tena wawili kati yao ni mimi na mkazamjomba.

Kesho yake nilikuwa na kichwa cha mteja mapajani redio iliposema: "Na hata Fundi Volti, aliyekula mkate wa sola maisha yake yote, tulipomtaka alinganishe, alikuwa na neno moja tu." Ikafuata sauti ya mjomba wangu, wazi kabisa: "Jua ni bure." Kisha wakabandika kicheko. Kwa swali lile, jibu lile lilikuwa na maana moja tu: jua halifai kitu. Nilijua hivyo kabla kicheko hakijaisha.

Mteja wangu akageuza shingo, uzi ukanichomoka. "Ee, kumbe hata yeye!"

Tulikwenda redioni, mimi na mjomba. Alikuwa amevaa shati lake lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Yule mtangazaji hakutufukuza. Alitupa viti, akatupa na maji. Mjomba akamweleza tangu mwanzo, kuhusu kutua, kuhusu umeme, kuhusu usiku kulipiwa.

"Nimekuelewa, mzee," akasema mtangazaji. "Lakini hayo maneno ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi, mzee wangu, mimi nifanyeje?"

Akaahidi kumwita siku moja kwenye kipindi. Siku hiyo haijafika, na sauti ile waliipiga kila walipokuwa na habari ya nyuklia, mpaka watoto wakaishika. Mjomba akipita, mmoja anauliza, "Jua ni nini?" na wenzake wanaitikia. Jina la Fundi Volti likafa. Akaanza kuitwa Bwana Bure. Utani, walisema, mbona anakasirika? Mimi natania watu kuanzia asubuhi hadi jioni, najua utani ni nini. Utani una kurudishiana. Yeye angerudisha nini?

Majirani nao wakaja, mmoja mmoja, kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa inauma. Hawakuja kugombana. Walikaa kwenye benchi la karakana, wakasifu rafu, kisha wakasema, "Fundi, si kwamba hatukuamini. Ila umeme wa nyuklia unakuja, na wanasema utakuwa wa bei nafuu. Sasa mtu aweke pesa kwenye betri ya nini? Si bora tungoje?" Mmoja aliongeza, bila kuona anachosema, "Na hata wewe mwenyewe ulisema." Mjomba aliwasindikiza mpaka njiani, kila mmoja. Kisha akachukua msasa, akaifuta ile rangi nyekundu mlangoni. Haikufutika vizuri. Mpaka leo ukisimama kwa upande unayaona maneno.

Wakangoja. Tukangoja sote. Pale mtaa unapoishia wakazungusha uzio mrefu wa waya na kusimamisha ubao wenye picha ya kituo, majani ya kijani na watu wanaocheka, na chini yake mwaka wa kukamilika. Mashine zikaja, zikachimba shimo, zikaondoka. Ukafika ule mwaka, mtu akaja na kopo la rangi nyeupe, akaufuta, akaandika mwingine. Baadaye akaja tena. Sasa pale penye mwaka rangi imekuwa nene kama gamba. Kila mara redio ilieleza sababu: chuma kimepanda bei, mkopo una masharti mapya, wataalamu wanapitia upya usalama. Sababu zote zilikuwa za kweli, sikatai. Na bei ya kituo ikawa inapanda, kikiwa bado ni shimo. Sisi tulikuwa na umeme ule ule wa kukatika na ile ile mishumaa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Waliosema hivyo hawakuwa na betri, la sivyo wangeongeza. Betri haifi kwa kutumika tu, hufa pia kwa kukaa. Usipoipa chaji inajila yenyewe ndani kwa ndani, na siku ukiihitaji unakuta jiwe. Mjomba alijua hilo, ndiyo maana alizichaji zile betri za mtaa kwa zamu, kwa paneli za paani kwake, akingoja watu warudi. Lakini mteja haji kwa fundi anayeitwa Bwana Bure. Kazi zikapungua, paneli moja ikauzwa, ikafuata ya pili. Mkono mtupu haulambwi, na mkazamjomba alikuwa anaumwa miguu na dawa hazikopeshwi. Ilipoondoka paneli ya mwisho, betri zikaanza kufa rafuni, moja baada ya nyingine. Alizipima kila asubuhi, kama alivyokuwa akipangusa paneli zamani. Nilimchukia kila mtu wa mtaa huu wakati ule. Wengi bado nawachukia, na vichwa vyao navisuka.

Siku moja akaja saluni mwanamke mwenye viatu vya kazi. Nilimtambua alipofungua nywele, zilikuwa ovyo vile vile ila sasa zina mvi. Alikuwa ameletwa kukagua uzio. Nikamkalisha, nikaanza kumsuka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyeanza.

"Yule fundi wa jua ni ndugu yako, sivyo? Nilikuwa nimekaa mbele siku ile. Nilimsikia mpaka mwisho."

Nikavuta msuko. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Alisema tuulipie usiku pamoja, tusiungoje." Akanitazama kiooni. "Dada, hesabu zangu zilikuwa sahihi. Hata leo ukinipa kalamu nitapata jibu lile lile. Ila nilihesabu kama kwamba kituo kimekwisha kujengwa. Bei ya kungoja sikuihesabu."

"Na sisi tuliokuwa tunangoja?"

"Nyinyi ndio mliokuwa mnalipa."

Nilivuta uzi mpaka machozi yakamtoka, na hakulalamika. Sijui kama ilikuwa kwa ajili ya uzi. Nilimuuliza mbona hakusema hayo redioni, akasema hakuna aliyemuuliza. Mtu aliyesoma, mwenye cheo, amekaa na ukweli miaka yote hiyo akingoja kuulizwa! Nilitaka kumwachia kichwa nusu aende nacho hivyo hivyo.

Alipokuwa analipa ndipo akatoa jambo lililomleta hasa. Vifaa vinaibiwa ndani ya uzio, panahitajika taa kuzunguka uwanda mzima, na nyaya za umeme wa gridi hazifiki kule, na kuzifikisha ni gharama. Wamepiga hesabu. Kilicho rahisi ni taa za sola. Alikuwa anatafuta fundi mzuri, na hakumjua mwingine.

Nilijua mjomba angekataa. Nilimpelekea habari nikiwa nimeshatunga na matusi ya kumsaidia kukataa. Alinisikiliza, akatazama rafu yake, akauliza jambo moja tu: "Betri watanunua nzuri?"

"Mjomba! Hao ndio waliokumaliza!"

"Mwache," akasema mkazamjomba kutoka kitandani. "Mwache afanye kazi."

Akaifanya. Alipanda nguzo baada ya nguzo na umri wake ule, akizielekeza paneli, akifunga kila skrubu mwenyewe. Walimlipa walichokubaliana, na pesa zote zikaenda kwenye dawa na deni la duka. Na taa zile, nisiwe mwongo, ni nzuri. Jua likizama zinawaka zenyewe, nguzo baada ya nguzo, uwanda wote ule unang'aa kama uwanja wa ndege. Zinalinda shimo. Upande wa huku, nyumba zetu zote giza.

Jioni moja umeme ulikatika nikiwa nimebakiza robo ya kichwa, na mteja ana safari alfajiri. Mshumaa hautoshi kwa misuko midogo. Nikamwambia, njoo, nikabeba kigoda na kitana, tukaenda kukaa kando ya uzio chini ya taa ya mjomba. Mwanga ulikuwa safi, naona hadi kila unywele. Nilikuwa nimesuka mistari kama mitatu mlinzi alipotoka kibandani kwake na rungu.

"Dada, ondokeni hapo."

"Tunamaliza, kaka yangu. Mwanga wenyewe si unamwagika tu huku nje?"

"Unamwagika? Unajua hizo taa zimegharimu kiasi gani? Mnadhani hizi taa ni bure?"

Yule mteja akaguna. Nilikusanya vitu vyangu, nikammalizia kwa tochi ya simu, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la karakana, mlango wazi, hana taa. Mganga hajigangi. Nikamweleza, nikiwa na hasira za kutosha watu watatu.

"Rudia alivyosema," akasema mjomba.

"Kasema, mnadhani hizi taa ni bure?"

"Alisema si bure?"

"Ndiyo, si bure!"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi za mazoezi ya kioo, na mkazamjomba akauliza kutoka chumbani kuna nini. Mjomba akataka kumjibu, akashindwa. Nilipomsogelea niliona hakuwa anacheka tena.

"Mwambie," akasema akipangusa uso kwa kanga ya mkewe iliyokuwa kwenye benchi. "Mwambie mkazamjomba wako kwamba yupo mmoja aliyeelewa."

Nikaingia nikamwambia. Alisogea kunipa nafasi kitandani. Mjomba akanifuata, tukakaa hapo watatu bila kuwasha mshumaa, maana mwanga wa uzio ulikuwa unafika dirishani kwao na ulitosha kuonana.